Mafuta ya Shangazi Tillie

Jumamosi, 8 Desemba 2018

Msimu wa kuwinda kwa bunduki za kawaida umefungwa leo jioni. Bucha imejaa kulungu wa watu — ishirini na watatu wananing'inia, na mikono yangu hainisikii tena. Lakini si hilo lililonifanya nitafute daftari.

Baba kaja saa tisa. Miaka themanini na sita, fimbo mkononi, kofia imefunika masikio. Kaka Harlan naye alikuwepo, anasubiri soseji zake. Baba akagonga kaunta kwa fimbo. Nikadhani anataka mifupa ya supu. Kumbe anagawa urithi! Kasema macho yamekwisha, hatawinda tena. Kwa hiyo Shangazi Tillie atahama.

Shangazi Tillie ni bunduki. Gumegume — ile ya kushindilia baruti na risasi kwa mdomoni, jiwe ligonge chuma ndipo iwake. Ilikuwa ya shangazi yake Baba, bibi aliyewinda nayo mpaka meno yakaisha, na tangu afe hakuna mtu wa kwetu anayeiita bunduki. Unasikia, "Shangazi kala?" "Shangazi kafutwa jasho?" Mgeni anadhani tunauguza mtu chumba cha nyuma.

Masharti ni haya. Msimu wa gumegume unaanza siku ya pili ya Krismasi na kufungwa tarehe kumi na mbili Januari. Juma la kwanza Shangazi anakwenda na mmoja wetu, la pili na mwingine. Atakayeangusha kulungu, ni wake. Tukikosa wote wawili, anapelekwa makumbusho ya kaunti, ndani ya kabati la kioo, na kikadi shingoni. Jamani!

Nikauliza, na mafuta ya kiraka je? Maana risasi ya gumegume haiingii uchi. Inavikwa kiraka cha kitambaa, na kiraka kinapakwa mafuta, la sivyo kinaungua njiani na risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Baba ana mchanganyiko wake tangu sijazaliwa. Hajapata kumwambia mtu. Kasema kila mtu atafute wake, maana Shangazi ni wa anayejua kumlisha.

Harlan kacheka sana. "Mdogo wangu, nenda kaanze kufuta vioo vya lile kabati."

Namtaka. Naandika hapa kwa sababu mdomo hautasema: namtaka Shangazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Utotoni Harlan alifundishwa kulenga. Mimi nilitumwa kuokota viraka kwenye theluji.

Jumanne, 11 Desemba

Jiko limekuwa kiwanda. Nimeyeyusha mafuta ya kondoo na nta ya nyuki, nikakoroga, nikamimina kwenye kikopo. Yamepoa meupe, mazuri, nikajisifu. Nikaenda kuoga.

Kurudi — mume wangu Dwight kakaangia mayai! Kala nusu sahani. Kauliza kwa upole wake ule wa mwalimu wa hesabu, mbona mayai leo yana ladha ya mishumaa ya kanisa? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza. Kamaliza sahani hata hivyo, kasema chakula hakitupwi. Huyu ndiye mwanamume niliyeolewa naye.

Jumapili, 16 Desemba

Tumelenga shabaha nyuma ya nyumba ya Baba. Mimi, Harlan na Shangazi. Baba kakaa barazani na blanketi, haoni shabaha lakini anasikia kila kitu.

Mimi nilikuwa na mafuta ya namna tatu. Harlan ana moja: mate. Ndiyo, mate! Anatia kiraka mdomoni pamoja na tumbaku yake, anatafuna, anakitoa kimelowa kama kitu alichotapika paka. Kasema babu zetu walitumia mate na wakamfukuza Mwingereza. Nikamwambia labda Mwingereza alikimbia kuona wanavyotafuna.

Kila baada ya risasi mbili tatu tunampelekea Baba viraka tulivyoviokota. Anavisoma kwa vidole. Kilichotoboka katikati: mafuta hayatoshi. Kilichochanika pembeni: kitambaa dhaifu, au mdomo wa bunduki una ukali. Kizima chenye duara la masizi: ndicho. Mafuta ya zeituni niliyonunua ghali — kiraka kimerudi majivu matupu. Mafuta ya mgando ya kukaangia — afadhali, lakini risasi ya nne ilikwama na masizi, nikasukuma mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka jasho. Ya kondoo na nta — kizima! Lakini ilikuwa asubuhi ya jua.

Harlan kanishinda kwa risasi mbili. Mate yake. Sitaki hata kuliandika.

Jumamosi, 22 Desemba

NIMEPATA! Maji, sabuni ya maji, na mafuta kidogo ya mashine yale yanayokubali kuchanganyika na maji. Yanatoka meupe kama maziwa. Kiraka kinalowa, kinateleza, masizi yote yanafutika yenyewe. Risasi tano, na zote tano zingefunikwa na kisosi cha chai! Harlan kaja kuangalia karatasi, kaigeuza nyuma na mbele kama anatafuta udanganyifu.

"Sabuni," kasema. "Unamwogesha Shangazi au unawinda?"

Nikamwambia wivu hauna dawa. Baba alikuwa amesimama hapohapo. Kagusa viraka vyangu vitano, vyote vizima. Kasema, "Vizuri kwa karatasi." Basi. Nilitegemea zaidi.

Jumatano, 26 Desemba

Msimu umefunguliwa. Baba karusha sarafu na juma la kwanza ni la Harlan. Kampakia Shangazi kwenye gari lake la kusukuma theluji kama bibi harusi, mimi kanipungia mkono. Mimi niko buchani nakata mbavu za kulungu wa watu wengine. Nina hasira, na nina keki ya matunda ya Krismasi. Nimekula keki.

Jumamosi, 29 Desemba

Harlan kakosa! Hatua arobaini, jike mnene amesimama ubavu, na kakosa!

Sikuwepo lakini nilipigiwa simu kabla moshi haujatawanyika, na saa kumi nilikuwa nimeshafika kambini, kwenye kibanda chetu cha kuwindia. Maana kuna desturi: anayekosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati, likapigiliwa ukutani na jina na tarehe. Ukuta wetu una matatu yangu. Nimesubiri miaka sita kushika mkasi huo mimi mwenyewe. Shati lenyewe jipya, zawadi ya Krismasi ya mkewe. Nililikata polepole.

Harlan kalaumu jiwe. Kalaumu upepo. Kalaumu kulungu. Kisha akamkabidhi Baba kiraka — tundu katikati, kingo nyeusi. Kumbe alikuwa kamshindilia Shangazi saa kumi na mbili asubuhi na kulungu kaja saa nane. Mate yote yamekauka na kuganda humo ndani. Kiraka kimeungua, risasi ikaenda zake.

"Mate ni ya kulengea karatasi," kasema Baba. "Karatasi haikungojeshi."

Nilicheka wakati ule. Ningesikiliza vizuri ningefanya la maana zaidi.

Jumanne, 1 Januari 2019

Nyama ya nguruwe na kabichi chachu kwa Baba, kama kila mwaka, ili mwaka uwe na heri. Nimekula sahani mbili. Harlan kala tatu, kasema ana upungufu wa kuufidia. Shangazi kaegemezwa pembeni ya kabati la vyombo, zamu yangu inaanza keshokutwa. Nimemfuta vumbi ambalo halikuwepo.

Ijumaa, 4 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeketi chini ya msonobari, Shangazi magotini, kiraka kimelowa maziwa yangu ya sabuni. Theluji imetulia. Saa nne na robo wakaja watatu kwa mstari, majike, wa mbele akasimama hatua thelathini. Thelathini! Nikalenga. Moyo unagonga mpaka kofia inacheza. Nikafyatua.

Fyuu! Cheche. Moshi kwenye kisahani cha baruti pembeni. Halafu — kimya. Baruti ya nje imewaka, ya ndani haikujibu. Yule jike kanitazama kama mteja aliyekuta bucha imefungwa. Kisha wakaondoka, tena kwa kutembea!

Nilipoing'oa risasi kambini, baruti imetoka kama uji wa jana. Maji. Maji ya sabuni yalikaa humo saa mbili yakailowesha baruti yote. Kilekile kilichonipa ushindi kwenye karatasi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu limevunjika mbele ya watu, maana Harlan alikuwa kafika na supu.

Ukaanza ubishi wa pindo la shati. Harlan kashika mkasi, anasema nimekosa. Mimi nasema kukosa ni kupiga; mtu ambaye hakupiga hakukosa. Yeye kasema hata kanisani ukikosa kuja umekosa. Tumebishana nusu saa. Baba katoa hukumu kwamba nikatwe nusu. Kwa hiyo ukutani sasa kuna kipande changu cha nne, cha pembetatu, kama kinywa kinachonicheka.

Nilitabasamu mpaka nikaingia garini. Kisha nikalia kidogo. Siku saba zimebaki, na Jumapili haihesabiwi, sheria hairuhusu.

Jumamosi, 5 Januari

Sikwenda porini. Nimekwenda kwa Baba na mkate wa tufaha, nimempikia kahawa, nimemzunguka kama paka. Mwishowe nikauliza wazi: Baba, nimpake nini?

Katafuna kwanza, kameza. Kasema bunduki ya kulengea shabaha hupigwa dakika hiyohiyo. Bunduki ya kuwindia hungoja. Kinachotakiwa ni mafuta yanayojua kungoja. Yasiwe na maji hata tone. Yasigande kwa baridi. Nikamwambia ya kondoo yanaganda, nimejaribu jana barazani, yamekuwa jiwe. Kasema, "Kondoo hulala zizini, Verna. Mnyama gani hulala nje baridi yote na mafuta yake yasigande?"

Dubu! Mafuta ya dubu! Yanabaki laini kama siagi ya mezani. Nikaruka. Kisha nikakaa tena, maana nilikumbuka: mwezi Novemba nilichuna dubu wanne buchani, na mafuta yao yote nikayatupa kwenye pipa la taka. Mimi. Kwa mikono hii. Na dubu mmoja alikuwa wa Harlan.

Baba hakucheka. Alijitahidi.

Jumatatu, 7 Januari

Harlan anayo. Kumbe kabla hajamleta dubu wake buchani alibandua mafuta ya mitungi miwili, ili apake viatu. Nimekwenda kwake baada ya kufunga bucha. Alikuwa chini ya gari, nikaongea na miguu yake.

"Kwa hiyo," miguu ikasema, "mimi nikupe mafuta, wewe uangushe kulungu, uchukue Shangazi. Halafu nikuandalie na karamu?"

Nikamwambia ndiyo, nyama ya karamu nitaleta mwenyewe. Miguu ikacheka. Lakini mtungi haukutoka. Kasema yeye zamu yake ilishapita, na kama yeye hampati basi heri tukose sote, angalau makumbushoni kuna kiyoyozi. Nikamwambia viatu vyake vinang'aa kuliko roho yake. Tumeachana vibaya kidogo.

Jumatano, 9 Januari

Saa sita mchana, bucha imejaa wateja. Harlan kaingia bila salamu, kaweka mtungi kwenye kaunta, kaupiga kofi juu.

"Ndani ya kioo sitaweza hata kumgusa," kasema. "Akiwa kwako nitakuja kumwazima."

Nikauvuta mtungi upande wangu. Kisha akaanza bei. Siku mbili kila Januari. Nikasema moja. Kasema mbili na soseji. Nikasema moja, na nitamsafisha mwenyewe akirudi. Mama mmoja kwenye foleni akatuambia tugawane nusu, anataka nyama yake ya kusaga. Siku moja na nusu. Tumepeana mikono juu ya mizani. Mizani ikasoma kilo nne.

Hajaniambia kwa nini kalegeza moyo, lakini najua. Zamu yake aliniona nimekata shati huku nikicheka, na zamu yangu aliniona natabasamu kwa kujikaza nikielekea garini. Ndugu yangu si mjinga, ni mbishi tu.

Alhamisi, 10 Januari

Jaribio. Vikopo vitatu kwenye friza ya bucha tangu jana. Kondoo na nta: nimegonga kwa kisu, kimelia. Mafuta ya kukaangia: magumu. Dubu na nta kidogo: kidole kimezama! Dwight kajaribu naye, kaandika kwenye kijitabu chake vina vya tundu kwa milimita. Nimemkataza kukaangia mayai.

Kisha la maana zaidi. Nimemshindilia Shangazi saa moja asubuhi, kiraka cha dubu, nikamwacha barazani kwenye baridi bila baruti ya kisahani, mlango wa nyumba umefungwa. Saa kumi jioni nikatia baruti kisahanini, nikalenga gogo, nikafyatua. PA! Papo hapo. Kiraka nimekikuta hatua tisa mbele, kizima, laini, duara la masizi katikati. Nimekibusu. Kilinuka vibaya.

Jumamosi, 12 Januari

Siku ya mwisho. Naandika kwa penseli, juu ya goti, na vidole havina hisia. Nitaandika hivyohivyo, la sivyo nitasimama nianze kukimbia.

Baba kakataa kubaki nyumbani. Kasema kama Shangazi anaagwa leo, hawezi kuagwa na watoto peke yao. Harlan kampandisha kwa pikipiki ya theluji, tukamkalisha kwenye kigoda nyuma yangu, mablanketi matatu, chupa ya kahawa. Kisha Harlan kasema atazunguka bonde aje kutokea chini, apite kwenye vichaka akikohoa, awasukume kulungu kuja kwetu. Sikumwomba. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa nne kwenye theluji ya magoti.

Tumekaa. Saa saba Baba aliuliza kama nina njaa. Saa nane tulisikia Harlan anakohoa mbali, kisha anaimba, kisha anatukana — nadhani kaanguka kijitoni. Saa tisa, kimya. Saa tisa na nusu nilikuwa nimeshaanza kuliona lile kabati la kioo, na Shangazi ndani na kikadi chake.

Saa kumi kasoro ishirini. Jike mmoja, peke yake, katoka kwenye misonobari. Hatua hamsini. Arobaini. Baba hamwoni lakini kasikia theluji. Kaacha kupumua, nikamsikia ameacha. Jike kasimama nyuma ya mti mdogo, bega moja nje. Nikangoja. Mikono ilitulia, sijui kwa nini. Kapiga hatua.

PA!

Mlio mmoja. Hakuna fyuu, hakuna nafasi katikati. Na moshi! Moshi wa Shangazi ni ukuta mzima, na upepo hakuna. Ulipotawanyika hakuna kulungu. Theluji imevurugwa pale aliposimama na sijui kitu kingine. Kaanguka ng'ambo ya mteremko? Kakimbia mzima? Nilitaka kwenda palepale. Baba kanishika koti. Nusu saa, kama siku zote. Ukimfuata mnyama aliyejeruhiwa kabla hajalala, atakimbia mpaka kaunti ya pili, na utakuwa umemtesa bure.

Ndiyo maana naandika. Ilikuwa saa kumi kasoro ishirini. Mpaka saa kumi na dakika kumi siinuki.

Baba ndiye aliyeinuka. Kashuka kwenye kigoda, magoti chini, mablanketi yote yamebaki nyuma, anapapasa theluji mbele yangu kwa mikono mitupu. Nikamwambia Baba, acha, nitakuokotea. Kasema nikae nilipo, siku zote nimemwokotea mimi, leo ataokota yeye. Kakipata kiraka. Kakigeuza, kakivuta pembe zote nne, kakinusa.

"Dubu," kasema. "Nta umezidisha."

"Kidogo tu, Baba."

"Umezidisha." Kakitia mfuko wa kifuani, kafunga kifungo.

Sasa hivi Harlan katokea chini, suruali imeganda mpaka mapajani, pua nyekundu. Kauliza, umempata? Nikasema sijui. Kauliza, hujui vipi? Nikasema moshi. Kataka kwenda kuangalia damu, Baba kamzuia naye. Kwa hiyo Harlan kakaa, kainuka, kakaa tena.

Baba kamwambia, "Usikae bure. Msafishie dada yako Shangazi yake, masizi yasije yakagandia ndani."

Yake. Kasema yake. Kulungu hajaonekana, na kasema yake, na wala hakuinua sauti.

Harlan kanitazama. Ilikuwa nafasi ya kubisha, na huyu ni mtu anayebisha hata na taa za barabarani. Kaivua glavu kwa meno, kamchukua Shangazi magotini pangu, kachomoa mdeki. Anasafisha sasa hivi, polepole. Bado dakika kumi na moja.